Vidato Sitini na Nne Hadi Mtoni

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimelijalidi mwenyewe leo kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, kwa karatasi za mabaki, tulipokuwa tukisubiri kisu kipya cha mashine ya kukata. Nimeona niandike, maana nisipoandika nitapasuka.

Benki imekubali mkopo. Barua inasema mwisho wake ni tarehe 31 Mei. Nikichelewa, naanza upya kama mtu ambaye hawajawahi kumwona. Nyumba nimeshaipata. Iko pale jiji linapoishia na kaunti ya pili inapoanzia: vyumba vitatu, chumba kimoja cha nje chenye mlango wake, baraza yenye vidato vitatu tu, na bustani inayoteremka mpaka mtoni.

Sisi tunakaa ghorofa ya nne. Lifti haikuwahi kuwepo, lipo shimo lake tu ambamo watu hutupa taka. Vidato ni sitini na vinne, nimevihesabu kwa magoti yangu. Baba hajavishuka tangu avunjike nyonga, mwaka wa tatu huu. Mara moja tu mdogo wangu na jirani walimbeba kwenye kiti kumpeleka hospitali, na ghorofa ya pili akawaponyoka mbele ya watoto waliokuwa wanatoka shule. Tangu siku hiyo ameweka nadhiri: "Mimi si gunia. Nitashuka mwenyewe, au nitashuka kwenye jeneza." Ndani anajikokota kwa fremu yake ya chuma, kitandani mpaka chooni, chooni mpaka kwenye kiti chake. Kila mwezi naona anajikokota polepole zaidi. Daktari amesema wazi kwamba asipopata pa kutembea, miguu itakufa kabisa.

Na mtu huyu alikuwa msoma mto. Miaka thelathini na mmoja, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, alikwenda kwenye kipimo kilichosimikwa mtoni, akasoma maji yamefika wapi, akaiandikia idara ya maji. Basi mimi namnunulia mto wake, tena wa kutembea mpaka ukingoni.

Jumamosi, 9 Machi

Dalali alinipigia "niko njiani" tangu saa mbili. Akafika saa tano, uso umevimba kwa usingizi, kwa hiyo njia yenyewe ilikuwa kitandani. Kuanzia leo jina lake ni Niko Njiani.

Mwenye nyumba ni mjane, mkunga mstaafu, mwembamba, ana sauti ya kuamrisha watu wasukume. Nilikwenda kuikagua nyumba, nikakaguliwa mimi.

"Una mume?"

"Nilikuwa naye, mama."

"Watoto?"

"Sikujaliwa."

"Sasa vyumba vitatu vya nini? Utalala kwa zamu?"

Nikamweleza habari za Baba, nyonga na zile ngazi. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na yeye mwenyewe anataka kuja huku?"

Nikasema ndiyo, bila shaka. Niko Njiani akadakia, "Anataka mno, mama, kila siku anaulizia." Huyu dalali hajawahi hata kumwona Baba.

Nikamuuliza yeye kwa nini anauza pazuri hivi. Akasema nyumba imekuwa kimya mno. "Nimezalisha watoto wasiohesabika, mwanangu, na hakuna hata mmoja wa kuniuliza nimeamkaje. Nahamia kwa binti yangu." Akasimama kuonyesha kwamba nimeruhusiwa kuondoka.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia Baba. Nilidhani atalia. Aliuliza, "Mvua zikikolea, maji yanafika wapi?"

Nikasema sijui.

"Mwaka gani yalipanda kuliko miaka yote?"

Sijui.

"Basi hujaona nyumba. Umeona rangi ya ukuta."

Hata ahsante. Nimepiga pasi nguo zote za wiki kwa hasira, mpaka mataulo.

Jumatano, 13 Machi

Ofisi ya ardhi. Jalada halionekani. "Njoo Ijumaa."

Ijumaa, 15 Machi

"Njoo Jumatano."

Jumapili, 17 Machi

Baba amekula kiapo kwamba hatatia sahihi yake popote mpaka mto usomwe msimu mzima wa mvua. Na sahihi yake naihitaji, kwa sababu sehemu ya malipo ya awali inatoka kwenye kiinua mgongo chake. Amenishika pabaya na anajua.

Kwa hiyo jana kiwandani nilichukua ubao mrefu, nikauchora mistari kwa wino wa kudumu, sentimita kwa sentimita, imenyooka kuliko maisha yangu, na tarakimu kubwa za kusomeka hata kutoka barazani. Leo mdogo wangu, ambaye ni dereva wa pikapu ya vipuri, amenipeleka tukaukita ukingoni, chini ya bustani ya Bi Mkunga. Tukasimama tunautazama.

"Dada, sasa nani atausoma kila alfajiri?" akauliza mdogo wangu. "Wewe utatoka ghorofa ya nne saa tisa usiku?"

Nikageuka, nikamwona Bi Mkunga amesimama barazani na kikombe. Nikamwomba yeye. Wazo langu mwenyewe, mdomo wangu mwenyewe. Naliandika hapa nisije nikamsingizia mtu.

Jumatatu, 18 Machi

Saa kumi na mbili kamili simu ya Baba imelia. "Sifuri nukta themanini na mbili," nikasikia Bi Mkunga akisema, kwa sauti ya mtu anayefanya hisani kwa shingo upande. Baba akaandika. "Ulisoma ukiwa umesimama au umechuchumaa?" Nimesimama, akajibu. "Kesho chuchumaa. Jicho liwe sawa na maji." Akakata.

Nilitamani ardhi ipasuke. Unamfundishaje kuchuchumaa mtu ambaye unataka akuuzie nyumba?

Jumatano, 20 Machi

Jalada limeonekana. Hati bado ina jina la marehemu mumewe. Zinatakiwa karatasi za mirathi, pamoja na sahihi ya mtoto wa kiume anayeishi nje ya nchi na ambaye, kwa maelezo ya Niko Njiani, "yuko hewani." Sijui hewani ipi.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Kiwandani karatasi zimevuta unyevu, zinakunjamana, tumetupa rimu tisa.

Jumamosi, 30 Machi

Leo Baba amemgombeza Bi Mkunga. Alimpa namba, Baba akatazama daftari lake, akatikisa kichwa. "Hii hukuisoma. Mvua ya jana haikupi sentimita mbili. Umebuni."

Mimi nimeshika sufuria. Nikajua nyumba ndiyo hiyo imekwenda.

"Nilikuwa na homa, mzee," akasema. "Sikutoka nje."

"Basi sema hukutoka, tuache pengo. Pengo si aibu. Usiloliona usiliandike."

Akacheka! Bi Mkunga, ambaye mimi sijawahi kumwona hata jino, alicheka mpaka akakohoa. Akasema na yeye alikuwa akiwaambia hivyo hivyo wauguzi wake waliokuwa wakijaza fomu za wazazi bila kuwapima. Wakaongea dakika arobaini. Nimechelewa kazini kwa sababu nilikuwa nangoja wamalize nimuulize habari ya mirathi, na hatimaye sikupata nafasi.

Jumanne, 2 Aprili

Mthamini wa benki haji mpaka mvua ipungue, gari lake ni dogo. Nikamkumbusha kwamba mvua ndizo zimeanza. Akasema subira huvuta heri. Mtu akiniambia tena neno hilo mwezi huu nitamng'ata.

Jumatatu, 8 Aprili

Moja nukta arobaini na sita. Nazijua namba kwa sababu sasa Baba anazitangaza akinywa chai, kama taarifa ya habari. Ameanza pia kunyoa ndevu kabla ya saa kumi na mbili. Nimemuuliza anamnyolea nani, simu? Akanijibu nisimfuatefuate.

Jumatatu, 15 Aprili

Karatasi za mirathi zimetoka! Jina la marehemu limekosewa. Zimerudishwa.

Nimepanda ngazi zote nikilia, nikapumzika ghorofa ya tatu kwenye kizingiti cha watu. Nimemkuta Baba anasimulia kwenye simu jinsi alivyozungukwa na maji akiwa juu ya kipimo mwaka fulani, hadithi ambayo mimi sijawahi kuisikia. Nikapita. Hakuniona nimelia, au aliona akaona haimhusu. Nimechukia, na namchukia zaidi Bi Mkunga, anapewa hadithi ambazo zilikuwa zangu kwa haki.

Jumatano, 24 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Mvua haikukatika siku tatu. Asubuhi nilitoka kwenda kazini kabla simu haijalia. Kiwandani tulikuwa na vitabu vya mitihani vya kukata. Saa mbili nikampigia Baba: simu inatumika. Saa mbili na nusu, inatumika. Saa tatu vile vile. Nikasema ameanguka, simu imebaki wazi sakafuni. Nikamwambia msimamizi naondoka, akasema mashine ataisimamia nani, nikamwachia aproni yangu mkononi. Maji barabarani yalikuwa yamefika vifundoni. Ngazi nilizipanda sijui vipi.

Baba alikuwa mezani. Simu ameilaza mbele yake, spika wazi, saa ya mkononi pembeni, kalamu sikioni. Hakugeuka.

"Sema."

"Mbili na kumi na nane," sauti ya Bi Mkunga ikatoka, nyuma yake mngurumo ambao mwanzoni nilidhani ni gari. Ulikuwa mto.

"Nusu saa iliyopita ilikuwa mbili na kumi na moja. Magogo?"

"Alfajiri yalipita mengi. Sasa naona matawi, majani."

"Vizuri, magogo yakipungua mto unachoka. Povu?"

"Lipo, kidogo. Mzee, yako kwenye kidato cha kwanza."

"Nimesikia. Godoro juu ya meza. Zima umeme kwenye swichi kuu, kiatu cha mpira mguuni. Hati za nyumba ziko wapi?"

"Nimezifunga kiunoni."

"Mkunga mzima wewe," akasema Baba, na akacheka. Alikuwa na mkono mmoja mezani, unashikilia ukingo, lakini sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya kazini, ambayo sikuwahi kuisikia kwa sababu alikuwa akiitumia mtoni nami nimelala.

Nikamwambia, "Baba, mwambie atoke, aende kwa jirani!"

"Njia ya kwa jirani iko chini kuliko baraza yake. Akitoka anachukuliwa. Nyamaza, namsikiliza."

Nikakaa kitandani na viatu vyangu vilivyolowa. Kila robo saa alimwita, kila robo saa akaandika. Mbili na ishirini. Kidato cha pili. Mbili na ishirini na mbili. Kisha tena mbili na ishirini na mbili. Baba akaweka kalamu chini.

"Nisomee tena. Chuchumaa."

"Nimechuchumaa kidatoni ndani ya maji, mzee, unataka nichuchumae vipi tena? Ishirini na mbili."

"Haupandi tena," akasema. "Umefika ulipokuwa unakwenda. Chemsha chai."

Hakuna aliyekata simu. Walikaa hivyo, yeye kule na Baba huku, wanasikiliza mto unapita. Niliingia jikoni. Na niseme ukweli wangu, maana daftari hili halisomwi na mtu: jambo la kwanza nililowaza ni kwamba mthamini ataliona tope kwenye kidato cha pili na atapunguza bei ya nyumba. La pili ndilo lilikuwa kwamba mwanamke yule amenusurika.

Alhamisi, 25 Aprili

Kazini nimepewa barua ya onyo. Sawa.

Jumamosi, 4 Mei

Mthamini amekwenda! Ameridhika, kidato cha tatu hakijaguswa. Mirathi imesahihishwa. Mtoto aliyekuwa hewani ametua na ametia sahihi. Hata Baba ametia sahihi, ingawa msimu haujaisha, bila ubishi, bila kuniangalia usoni. Jumamosi ijayo tunakutana kwa wakili kumaliza. Nimenunua kitasa kipya cha mlango wa mbele.

Jumamosi, 11 Mei

Tulikuwa wanne ofisini kwa wakili: mimi, mdogo wangu, Niko Njiani, ambaye leo kwa mara ya kwanza alitangulia kufika, na wakili mwenyewe akipanga karatasi. Bi Mkunga akaingia na mwavuli. Hakukaa.

"Siuzi," akasema.

Niko Njiani akacheka, akidhani ni utani wa kupandisha bei. "Mama, mtaka cha mvunguni—"

"Wewe nyamaza, sijaongea na wewe." Akanigeukia. "Mwanangu, nisamehe. Malipo yako ya awali utarudishiwa yote leo hii. Ila nyumba siuzi."

Nikamuuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea. Mimi nilikuwa naukimbia ukimya wa nyumba ile. Ukaniletea ubao. Sasa kila alfajiri kuna mtu amekaa anangoja nimwambie kitu, na nisipopiga atajua. Unajua ni miaka mingapi sijangojwa na mtu?"

Nikasema, "Na baba yangu je? Akae juu mpaka afe?" Nilipiga kelele, katibu wa wakili alichungulia mlangoni.

Akasema, polepole, "Hilo nimelifikiria kuliko unavyodhani." Akanishika bega, nikaliondoa bega langu.

Jumapili, 12 Mei

Kumbe Baba alijua. Alijua tangu Alhamisi!

"Na ukanyamaza?"

"Nilimwambia akwambie mwenyewe. Halikuwa langu kulisema."

Nikamtolea yote. Ofisi ya ardhi, mthamini, barua ya onyo, jasho la miezi mitatu, yote kwa ajili yake, naye amekaa na simu anaivunja nyumba yangu neno kwa neno kila asubuhi.

Aliniacha nimalize. "Najua umehangaika, mama. Najua. Lakini siku uliponiambia habari ya nyumba, mkopo ulikuwa umeshauomba na umeshajibiwa. Hukuniuliza. Wewe ulitaka kunishusha. Mimi nilitaka kushuka."

Tofauti yake ni nini, nikamuuliza. Akasema nimwache alale.

Jumatatu 13, Jumanne 14, Jumatano 15

Hatusemezani. Simu inalia saa kumi na mbili. Navuta blanketi kichwani.

Jumapili, 19 Mei

Saa moja asubuhi nimemkuta Baba amevaa koti lake la kazi la zamani, suruali ya kadeti na viatu, amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni yake, amejiinamia kama mwizi.

"Tunakwenda wapi?"

"Kukagua kipimo," akasema Baba. "Kituo hukaguliwa mwisho wa msimu."

Nikasema hatutambeba, tulishakubaliana. Akasema nani ameomba kubebwa. Akajikokota mpaka kichwa cha ngazi, akampa mdogo wangu fremu, akashika reli, akajishusha mpaka akakaa kwenye kidato cha kwanza. Kisha akajisukuma kwa mikono, akakaa kwenye cha pili. Kwa makalio. Mzee wa miaka sabini na minne, aliyeapa kwamba hatashuka kama gunia.

"Baba, watu wataona!"

"Waone. Makalio ni yangu."

Majirani wakafungua milango. Mama wa ghorofa ya tatu alitaka kuleta mto wa kukalia, Baba akakataa, akasema anahesabu asimkatize. Ghorofa ya pili, pale walipomwangusha, alipumzika muda mrefu. Nilikuwa nyuma yake, kidato kimoja juu, nimenyoosha mikono ambayo hakuihitaji. Nilikuwa nalia kwa hasira. Ilichukua dakika hamsini na tano. Chini akaomba fremu, akasimama, akakung'uta suruali.

Mtoni alitembea bustani nzima, akipumzika kila hatua kumi. Bi Mkunga alimngojea ukingoni, amevaa gauni la kutokea. Walisalimiana kwa heshima mno, kama watu wanaokutana msibani. Baba akautazama ubao, akautazama mto, akasema mistari imechorwa vizuri. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata msimu huu na nimeipokea.

Tumekaa barazani mpaka saa kumi. Mdogo wangu akatoa funguo za gari, akasimama, kisha akasema, "Dada... na kupanda je?"

Miezi mitatu nimewaza kushuka, usiku na mchana, na sikuwahi kuwaza kwamba kushuka kwa makalio kunawezekana na kupanda hakuwezekani.

"Mimi nililiwaza," akasema Baba. Akatia mkono kwenye koti, akatoa dawa zake za wiki mbili, mswaki na wembe.

Bi Mkunga akainuka, akafungua mlango wa chumba cha nje. Kimepigwa deki. Kitanda kifupi. Ukutani, kuanzia mlangoni mpaka chooni, imepigiliwa reli ya kushikia, mpya, bado inanuka mbao. "Kodi atalipa kama mpangaji yeyote," akaniambia mimi, kwa ukali. "Mimi sifugi wazee wa watu bure."

"Baba umeoa?" akauliza mdogo wangu.

"Nimepanga chumba. Washa gari, dada yako ana kazi kesho."

Njia nzima mdogo wangu alikuwa akicheka peke yake. Nilitafuta nyumba ya kumweka baba yangu karibu na mto, kwenye ardhi, atembee. Ameipata hiyo hiyo niliyoichagua mimi. Mimi ndiye sina chumba.

Ijumaa, 31 Mei

Leo mkopo umekufa. Niko Njiani alipiga simu kuhusu nyumba nyingine, "nzuri kuliko ile, mama." Nikamwambia sinunui tena.

Mdogo wangu anapita kesho kuchukua nguo za Baba zilizobaki. Nimezikunja jioni hii. Kitanda kilikuwa kimejaa, nikaenda kukunja soksi kwenye kiti chake pale dirishani. Sijui kama niliwahi kukaa pale. Mbele ya dirisha kuna ukuta wa jengo la jirani, hatua mbili tu, na bomba lake lililopasuka linalolowesha saruji. Hakuna kingine cha kuona. Hakuna anga.

Kwenye fremu ya dirisha kuna mistari ya penseli. Nilidhani ni uchafu, nikataka kuifuta kwa soksi. Ni alama fupi fupi, zimepangwa kwa kwenda juu, kila moja na tarehe kwa mwandiko wake mdogo. Nimefumba jicho moja nikaangalia kutoka kwenye kiti: zinalingana na lile doa la maji ukutani, jinsi lilivyopanda na lilivyoshuka. Miaka mitatu, na siku nyingine ameacha pengo. Zinaishia katikati ya Machi.

Kila jioni nilikuwa nikimuuliza ameshindaje, naye alikuwa akijibu salama, nami nikienda jikoni.